Saa Nne ya Matusi

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya sungura na fisi, maana zamani hii mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaota mvi mbili tatu, palikuwa na mji mdogo wa machungwa chini ya milima. Jina la mji sitalitaja. Wenyewe wapo, wana masikio, na mimi bado nataka kualikwa kwenye harusi zao. Nisikilizeni, msinikatize. Na nawaambia mapema kwamba mwisho sitatoa jibu, mtatoa nyinyi. Anayetaka hadithi yenye jibu aende kwa mwalimu wa hesabu.

Basi mjini hapo aliishi mwanamke akiitwa Bi Mwantumu, na kazi yake ilikuwa mratibu wa huduma za wagonjwa majumbani. Naona mmenikodolea macho. Mratibu ndiyo nani? Hata watu wa mji ule waliuliza hivyo hivyo. Iko hivi. Kuna wagonjwa ambao hospitali imewatibu mpaka ikafika mwisho wake, ikawarudisha nyumbani. Huyu ana kiharusi, yule amekatwa mguu, mwingine ni bibi kizee hawezi kujigeuza. Wanahitaji mtu wa kuwaosha, kuwalisha na kuwapa dawa kwa wakati. Watu hao wanaitwa wahudumu, na Bi Mwantumu alikuwa nao watano. Nyumba za wagonjwa zilikuwa kumi na tisa. Watu watano wafike nyumba kumi na tisa, kila nyumba kwa siku yake na saa yake, na anayekwenda awe ndiye anayefaa pale: hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Alikuwa na baiskeli, simu yenye kioo kilichopasuka, na daftari. Watu walimwona akipita na daftari lake wakasema, "Yule mama kazi yake kutembea." Mwenye kumwosha mgonjwa huonekana ameosha, mgonjwa anang'aa. Mwenye kupanga saa anaonekana amefanya nini? Hakuna. Mambo yakienda vizuri, watu hudhani yamejiendea yenyewe.

Katika nyumba zile kumi na tisa, moja ilikuwa ya Mzee Mhina. Huyu alikuwa mnadi. Kila Jumamosi mnadani yeye ndiye aliyekuwa akiwanadi mbuzi na mitumba, na mdomo wake ulikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya mto. Mbuzi kiwete akisifiwa na Mzee Mhina, ungemnunua na kushukuru juu. Asubuhi moja aliinama kufunga kandambili, hakuinuka. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa pamoja nao. Akabaki na mkono mmoja na macho mawili.

Mzee aliishi na mjukuu wake, Tunu. Baba yake Tunu, marehemu Shabani, alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee. Mama yake naye alishatangulia. Kwa hiyo mzee ndiye aliyemlea Tunu tangu ana miaka minne, na mzee ndiye aliyekuwa walii wake, yaani mwenye haki ya kumuoza. Na Tunu alikuwa ameshaposwa na kijana mwalimu, Idrisa. Mzee alikwisha kukubali, mahari yalikwisha kusemwa, tarehe iliwekwa baada ya miezi minne. Ndipo kiharusi kikaingia katikati.

Sasa mzee alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, Amiri, baba mdogo wake Tunu. Amiri hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia bure. Alikuwa mtu wa hofu tu. Aliishi mbali na alikuwa na watoto saba. Alipomwona baba yake amelala vile, akasimama miguuni pa kitanda akasema, "Tunu akiolewa, baba atabaki na nani? Wahudumu wanakuja saa chache wanaondoka. Asubiri kwanza. Baba akipona, ataolewa. Baba akifa, ataolewa."

Wakamwita shehe. Shehe akasema, "Bubu anaweza kuoza kwa ishara. Ishara ya mzee inatosha, mradi akili yake ipo."

Amiri akasema, "Haipo, shehe. Mimi ni mwanawe. Nimemsemesha, ananitazama tu. Ishara ya mtu wa hivyo ataithibitisha nani?"

Tunu akasema, "Akili yake ipo. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja, ninajua."

Shehe akawaza, akasema, "Mmeshabishana, na mimi siwezi kufunga ndoa juu ya ubishi. Tusubiri siku yenyewe. Mzee akitamka kwa kinywa chake, mjadala umekwisha. Asipotamka, uwalii unahamia kwa Amiri, na Amiri ataoza wakati atakapoona inafaa."

Maneno hayo yote yalisemwa mbele ya mzee, kana kwamba na masikio nayo yamekufa. Hebu fikirini. Umelala, huna ujanja, na unajua kwamba mtoto uliyemlea kwa mikono yako atapata harusi yake siku watakapomaliza kukuzika. Atakuuguza huku anahesabu. Hata kama yeye hataki kuhesabu, dunia itamhesabia. Ilimuuma mzee, jamani, ilimuuma kuliko ule mkono uliokufa. Chozi lilimtoka jicho la kushoto, na Tunu akalifuta kwa upindo wa kanga.

Basi hapo ndipo watu wangu watatu wanapoingia. Wawekeni vizuri kichwani, maana mtawahitaji.

Wa kwanza ni Sufiani. Huyu zamani alikuwa mpasua mbao, mtu wa msumeno, mikono kama makasia. Alikuwa mmoja wa wanaume wawili katika wale wahudumu watano. Bi Mwantumu alimchagua kwa sababu Mzee Mhina ni mtu mwenye haya zake, asingekubali kuvuliwa nguo na mwanamke asiye mkewe. Sufiani akawa anamwosha, anamgeuza asipate vidonda vya mgongo, anamlisha uji kijiko kwa kijiko usije ukamwingia mapafuni. Na mazoezi. Hospitali walimwonyesha mazoezi ya kinywa: kupuliza mshumaa, kunyonya maji kwa mrija, kushika taya na kusema pa, ta, ka. Pa, ta, ka. Pa, ta, ka. Siku moja mzee alipandwa na hasira akamng'ata kidole mpaka damu. Sufiani alifunga kitambaa, akaendelea. Watu mjini walimcheka, wakisema mpasua mbao amegeuka yaya wa wazee. Aliwasikia na akaendelea.

Lakini kila siku alikuwa anafika mchana, na mchana mzee alikuwa amechoka. Sufiani akamwendea Bi Mwantumu.

"Bi Mwantumu, mchana mzee ni kama redio iliyokwisha betri. Ningempata asubuhi, labda ningepata kitu."

Bi Mwantumu akafungua daftari. Asubuhi za Sufiani zilikuwa na mtu mwingine, yule wa mguu. Kumtoa Sufiani pale ni lazima aingie yule mwanamume wa pili. Kumtoa wa pili alipo ni lazima aingie mwingine. Akahamisha huyu, akahamisha yule, nyumba tisa zikabadilika saa, na mnyororo ulipofika mwisho ukaishia mlangoni kwa mama yake mwenyewe. Mama yake Bi Mwantumu naye alikuwa mgonjwa katika wale kumi na tisa. Alikuwa akioshwa saa moja asubuhi. Sasa ikawa saa sita.

Mama yake akamwambia, "Nimekuzaa mimi ili nioge adhuhuri?"

"Nisamehe, mama. Kuna mtu ana siku chache."

"Na mimi nina nyingi?"

Bi Mwantumu alimbusu mama yake kichwani, akapanda baiskeli. Huyo ndiye wa pili, mmeshamjua.

Sufiani akawa anafika saa moja asubuhi. Mwezi ukapita. Mzee alikuwa na nguvu sasa, lakini neno hakuna. Alikuwa anafunga midomo na kugeuza uso ukutani. Sufiani akamwambia Tunu ukweli: "Ulimi wake unaweza kidogo. Yeye ndiye hataki. Ameshakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa kumfundisha ni kutwanga maji kwenye kinu."

Sasa wa tatu. Huyu ni Bi Kalunde, muuza vitumbua wa pale njia panda. Bi Kalunde ni Mnyamwezi, na Mzee Mhina ni Mzigua. Hapo nadhani wengine mmeshacheka. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anakutukana mchana kweupe na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unacheka hivyo hivyo, kisha unamtukana zaidi. Hawa wawili walikuwa wametukanana miaka ishirini, kila Jumamosi, mnada mzima ukisikiliza.

Mlangoni kwa mzee Bi Mwantumu alikuwa amebandika karatasi kwa agizo la hospitali: Mgonjwa anapumzika, wageni hapana. Bi Kalunde akaisoma, akaipita. Akaingia mpaka chumbani, akasimama mikono kiunoni.

"Mhina. Nimekuja kupima kimo, nijue sanda yako ni mita ngapi. Usijinyooshe sana, kitambaa kimepanda bei."

Sufiani nusura adondoshe bakuli. "Mama, hapa pana mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Huyu mvivu. Mbuzi wa mnadani wamenituma nimuulize, nani atawasingizia uzuri sasa?"

Sufiani alimshika mkono akamtoa nje. Lakini aliporudi alimwona mzee. Pembe ya kushoto ya mdomo ilikuwa imepanda, na kifua kilikuwa kinakwenda juu juu. Mzee alikuwa anatafuta jibu. Halikutoka, lakini alikuwa analitafuta, kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Sufiani angeweza kunyamaza, maana kumruhusu mtu avunje agizo la mlangoni ni kosa. Hakunyamaza. Alimweleza Bi Mwantumu kila kitu. Bi Mwantumu akaenda njia panda, akanunua kitumbua kimoja, akakila chote, ndipo akasema.

"Bi Kalunde, umevunja agizo langu."

"Nimelivunja. Nipeleke polisi."

"Nataka ulivunje kila siku. Lakini kwa saa yangu. Saa moja anaoga, saa mbili anakunywa uji, saa tatu anafanya mazoezi. Saa nne kinywa chake kimeshapata moto. Njoo saa nne."

Bi Kalunde akamtazama. "Saa nne ndiyo chai ya watu. Ndiyo wateja wangu wote."

"Najua."

"Kumbe unajua na bado unaniambia."

Hata hivyo alikwenda. Na Bi Mwantumu, mtu wa utaratibu, akaandika kwenye daftari: Saa nne, matusi, Bi Kalunde. Siku moja daktari wa wilaya alikuja kukagua, akakuta ile mistari. Akauliza, "Haya matusi ni nini?"

"Ni dawa, daktari."

"Inatolewaje?"

"Kwa mdomo."

Daktari alitia saini akaondoka. Msicheke sana, hadithi bado.

Ikawa ndiyo hivyo. Saa moja Sufiani, kuoga. Saa mbili Sufiani, uji. Saa tatu Sufiani, pa, ta, ka. Saa nne Bi Kalunde anaingia amejifunga kanga, mafuta ya vitumbua yananukia mwili mzima. "Mhina, kitanda kimeomba likizo." Kesho yake, "Mhina, nimepita kwa fundi majeneza, amesema wewe hulipi hata ukiwa ndani." Na mzee akawa anahema, anatoa jasho, Sufiani amemshika taya, mdomo unafunguka na kufunga. Mmm. Mmm. Siku ishirini za mmm. Na siku za harusi zikawa zinakuja.

Kisha ikafika siku ambayo alfajiri simu iliita kwa Bi Kalunde. Kaka yake amefariki Tabora, na atazikwa siku hiyo hiyo. Hawezi kuwahi. Bi Kalunde hakuwasha jiko. Alikaa chini ukumbini kwake na majirani wawili watatu, akitazama mkeka.

Habari ilimfikia Bi Mwantumu saa mbili. Alifuta ule mstari kwenye daftari, na angeweza kuishia hapo; hakuna ambaye angemlaumu. Akapanda baiskeli akaenda msibani. Akakaa kwenye mkeka, akatoa pole, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, saa nne yako nimeifuta. Sikuja kukudai. Nimekuja kukuuliza neno moja tu. Mtani wako amejua?"

Bi Kalunde akasema, "Atajuaje? Amelala kule."

"Nani atamwambia? Mimi au wewe?"

Bi Kalunde akavuta kanga yake, akainuka. Mpaka leo mjini kuna wanaosema Bi Mwantumu hana huruma, kumtoa mfiwa mkekani. Na kuna wanaosema alijua sana anachofanya. Mimi sisemi.

Bi Kalunde akaingia chumbani saa nne. Sufiani alikuwa ameshika taya la mzee, wako kwenye pa, pa, pa. Bi Kalunde hakusimama mikono kiunoni. Alivuta kigoda akaketi.

"Mhina, kaka yangu Kasanda amefariki. Leo sina neno la kukupa."

Sufiani akataka kuondoa mkono kwenye taya, kwa heshima ya msiba. Hakuuondoa, kwa sababu alisikia taya linakaza.

Nyinyi watoto wa siku hizi labda hamjui. Mtani ana kazi moja kubwa kuliko zote. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukufanyia mzaha mpaka ucheke, ili usizame na marehemu wako. Ni deni. Asiyelilipa si mtani. Sasa Bi Kalunde amefiwa, na mtani wake ni huyu aliyelala.

Mzee akajitutumua. Mishipa ya shingo ikasimama. Jasho likamtoka mpaka likalowesha mto wa kulalia. Midomo ikabana, ikafunguka, ikabana. P. P.

"Pu-nda," akasema.

Mzee akapumua, akajikusanya tena.

"Punda... analia."

Bi Kalunde akacheka. Alicheka huku machozi yanamiminika, akacheka mpaka akashuka kwenye kigoda akakaa sakafuni, akasema, "Mzigua mshenzi wewe. Mshenzi wewe, Mhina. Ahsante." Sufiani aligeukia dirishani, mikono yote miwili imefunika uso. Tunu alikuja mbio kutoka jikoni akidhani babu amekufa.

Tangu siku hiyo ikawa kazi juu ya kazi. Wiki sita, sentensi moja, ile ya kumuoza Tunu. Sufiani anaikata vipande vipande, kama alivyokuwa akikata gogo. Bi Kalunde alipomaliza matanga akarudi saa nne, na kila mzee akikwama anamwambia, "Acha, nitakuoza mimi wewe." Bi Mwantumu analinda zile saa: mhudumu akiumwa, anaziba mwenyewe kwingine ili Sufiani asiguswe. Mama yake anaendelea kuoga adhuhuri.

Siku ya harusi ikafika, Ijumaa baada ya swala. Mzee akatolewa barazani, akakalishwa kwenye kiti cha mikono, amevaa kanzu. Wanaume wamejaa, wanawake wamejaa nyuma ya pazia la mlango. Amiri amekaa pembeni, kichwa chini. Shehe akamuunganisha mzee mkono wa kushoto na mkono wa Idrisa, maana wa kulia haukuwa na uhai, akasema, "Haya, mzee wangu."

Mzee akaanza. Yule aliyenadi mbuzi mia kwa siku moja, leo sentensi moja ilimchukua muda wa kuchemsha chai. "Idrisa. Nime... kuoza. Mjukuu wangu. Tunu. Binti... Sha-bani." Alipofika kwenye jina la mwanawe marehemu sauti ilikatika, na watu wote wakadhani basi, imekwisha. Akameza mate. "Binti Shabani. Kwa mahari... tuliyo... kubaliana."

Idrisa akajibu haraka kama mtu anayeogopa kuibiwa, "Nimekubali kumuoa." Vigelegele vikapasuka ndani. Amiri aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya baba yake, akaubusu ule mkono uliokufa. "Nisamehe, baba. Nilikuzika ungali hai."

Mngependa niishie hapo, eti? Bado. Mnajua kwamba upande wa mume huleta kilemba kwa walii. Siku hizi watu hutoa bahasha, lakini wazazi wa Idrisa walikuwa watu wa zamani, walileta kilemba chenyewe: kitambaa cheupe, kirefu, kimetarizwa pembeni kwa hariri. Wakamwekea mzee mapajani. Na katika mji ule, anayefungwa kilemba cha ndoa huhesabiwa mzazi katika nyumba ile. Ataulizwa kabla ya jambo, atakaa mbele kwenye furaha na kwenye msiba.

Mzee akakishika kwa mkono wake mmoja, akakitazama, akasema, "Si changu. Ni cha... aliyenirudishia... ulimi."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema kikatwe vipande vitatu. Mzee akatikisa kichwa. Kilemba kikikatwa ni matambara.

Bi Kalunde hakungoja, alishatoka nyuma ya pazia. "Kileteni. Huyu alikuwa na ulimi, hakuwa na sababu. Nani alimpa sababu? Mimi. Niliacha wateja wangu saa ya chai kila siku. Na siku nilipofiwa, nilikuja, nikiwa sina hata machozi ya kutosha. Neno la kwanza aliniambia mimi, hakumwambia shehe wala mtu mwingine."

Mzee mmoja akasema, "Kilemba ni vazi la kiume, mama."

"Nitakifanya ushungi. Wewe kinakuwasha nini?"

Sufiani alikuwa amesimama karibu na nguzo, hataki kusema. Tunu akamwita kutoka mlangoni, "Kaka Sufiani, sema." Akasema, akitazama chini. "Mimi sijui kusema. Sababu bila ulimi ni maumivu tu. Siku ile alitaka kumjibu Bi Kalunde; angeshindwa, angekufa kwa uchungu. Ulimi ule niliufanyia kazi siku mia na kitu. Nilimwosha, nilimgeuza, aling'ata kidole changu hiki. Mji ulinicheka. Na aliposema lile neno, taya lilikuwa mkononi mwangu. Ni hayo tu."

Watu wakageuka kumtazama Bi Mwantumu. Alikuwa amekaa mlangoni, pembeni ya pazia. Aliyemsemea ni Amiri, na hakuna aliyetegemea. "Sufiani alikuwepo mwezi mzima mchana, palitokea nini? Hakuna. Bi Kalunde alikuwepo, akatolewa nje kwa mkono. Nani alimweka huyu saa moja na huyu saa nne? Nani alikwenda kwenye mkeka wa msiba, akauliza lile swali? Huyu hakumgusa baba hata kwa kidole, ni kweli. Lakini mama yake mzazi ameoga adhuhuri miezi mitatu kwa ajili ya baba yangu. Mimi mwana wa kumzaa sikufanya hivyo."

Wengine wakasema ndiyo. Wengine wakasema kupanga si kazi, hata wao wanaweza kupanga. Bi Kalunde akasema asije mtu akavishwa kilemba cha ukoka hapa. Kelele zikapanda. Mzee akainua mkono, zikashuka. Akamtazama Bi Mwantumu, akamnyooshea kilemba.

"Wewe," akasema, "ndiye mpangaji. Panga."

Bi Mwantumu akaja mbele, akakipokea kwa mikono miwili. Akamtazama Sufiani. Sufiani alikuwa mtu ambaye hakuna nyumba hata moja mjini iliyowahi kumweka mbele. Akamtazama Bi Kalunde, ambaye kaka yake amezikwa mbali na hana tena ndugu wa kumuuliza jambo. Na yeye mwenyewe, mwajua, miaka kumi na moja ya kazi ile hakuna aliyewahi kumwambia ahsante.

Akasema taratibu, "Mzee wangu, kila siku napeleka watu. Naangalia nani anahitaji, nampeleka anayefaa. Leo hukuniuliza nani anahitaji. Umeniuliza nani anastahili. Hiyo sijawahi kupanga."

Akabaki amesimama, kitambaa mikononi, baraza zima linamngoja, na mzee anamngoja, na bibi harusi amesimama mlangoni anamngoja.

Na mimi namwacha amesimama pale. Haya, wewe uliyekuwa unacheka tangu mwanzo, anza wewe, halafu mwenzako. Msiniletee habari za kidole kimoja hakivunji chawa, hiyo naijua, na haimvishi mtu kilemba. Kimoja ni kimoja. Aliyeufanyia kazi ulimi, aliyeupa sababu, au aliyewakutanisha saa nne? Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kukaa mbele katika nyumba ya Mzee Mhina?